Gereji nazo ni vyuo, zihesabiwe

Ndugu Mhariri, naomba nafasi kidogo gazetini kwako kuhusu hili suala la vyuo vya ufundi. Mpango wa serikali wa kujenga chuo cha VETA, ile mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, kila wilaya naunga mkono kabisa, ila mjadala wetu wote umeishia kwenye majengo wakati vijana kibao wanajifunza ufundi gereji, kwa mafundi seremala, saiti wanabeba zege huku wanamwangalia fundi anavyopiga lipu, na hao hakuna anayewahesabu kama wanafunzi.

Ujerumani tunapenda kuitolea mfano, basi tuangalie wanafanyaje. Kule kijana anasaini mkataba na kampuni kwanza, siku tatu au nne za wiki yuko kazini, zilizobaki anaenda shule kusoma nadharia, hivyo hivyo kwa miaka kama mitatu mpaka mitatu na nusu, na posho analipa mwajiri, tena tangu 2020 sheria imeweka kiwango cha chini, kilianza na yuro 515 kwa mwezi. Mtihani wa mwisho wanasimamia chemba, yaani vyama vya wenye biashara na mafundi wenyewe, kwa hiyo mwenye cheti kile mwajiri hana wasiwasi naye. Uswisi ndo usiseme, karibu theluthi mbili ya vijana wanapita njia ya ufundi na hawapiti huko eti kwa sababu wamefeli.

Sasa sisi spana boi wetu mkataba hana, posho ni hela ya kula bosi akiwa na moyo, na anajua injini zile tu zinazoingia pale gereji, ikija gari yenye sensa nyingi anabaki kubahatisha maana nadharia hakuna aliyempa. VETA wanao utaratibu wa kurasimisha ujuzi, fundi anapimwa, anaongezewa mafunzo mafupi pale alipopungukiwa, anapewa cheti. Ni kitu kizuri mno, lakini kinamkuta mtu keshafanya kazi miaka na miaka, kwa nini asiandikishwe tangu siku anashika spana ya kwanza?

Ombi langu ni hili. Waajiri wanalipa tozo ya kuendeleza ujuzi, ile SDL, ambayo 2023 ilishushwa mpaka asilimia 3.5 ya mishahara. Itengwe sehemu ya hela hiyo kwa ajili ya gereji na karakana ndogo zinazokubali kuandikisha wanagenzi, fundi mkuu apewe vifaa na semina ya kufundisha, kijana aende chuo cha jirani siku moja kwa wiki, na mkaguzi apite kuangalia kama anafundishwa kweli au anatumwa maji tu. VETA wenyewe walishajaribu mfumo huu wa chuo na kazini wakishirikiana na chemba ya mafundi ya Hamburg, kule Ujerumani, kwa hiyo uzoefu upo. Waanze na wilaya chache bajeti ijayo, na wasisahau mafundi cherehani na saluni, huko ndo wamejaa mabinti.

Fundi umeme, Morogoro