Wauza magodoro, tuulizeni tunalalaje

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze jambo ambalo wengi wetu hukutana nalo tunapoingia katika duka la magodoro. Muuzaji hutuuliza maswali mawili tu, futi ngapi na inchi ngapi, kisha mazungumzo yanahamia kwenye bei. Swali ambalo kwa maoni yangu lingepaswa kutangulia yote hayo, yaani huyo atakayelilalia godoro hulala ubavu, chali au kifudifudi, sijawahi kuulizwa katika duka lolote, na nimenunua magodoro mengi katika maisha yangu kwa kuwa nimelea watoto sita.

Nilistaafu ualimu nikiwa na maumivu ya kiuno. Kila niliyemweleza, ndugu kwa jirani, alinipa ushauri uleule, kwamba mwenye mgongo mbovu anahitaji godoro gumu, na kadiri linavyokuwa gumu ndivyo linavyofaa. Nikanunua la futi tano kwa sita, inchi nane, gumu kuliko yote yaliyokuwamo dukani, nikalichukua likiwa bado ndani ya nailoni, kwa sababu mwenye duka alikataa katakata kulifungua kabla sijalipa. Mimi ni mtu wa kulala ubavu tangu utotoni. Haikupita wiki ya pili nikaanza kuamka mkono umekufa ganzi na bega linauma, na kiuno nilichokusudia kukitibu hakikupata nafuu yoyote. Mtaalamu wa fiziotherapia niliyekwenda kumwona alianza kwa kuniuliza nalalia upande gani, juu ya godoro la namna gani na mto wangu una unene kiasi gani, na majibu yangu yakawa ndiyo mwanzo wa matibabu.

Alichonieleza kinaeleweka kwa urahisi mtu akikifikiria. Anayelala ubavu hubebwa na sehemu mbili zilizochomoza, bega na nyonga, wakati kiuno kiko ndani zaidi. Godoro likiwa gumu kupita kiasi, bega na nyonga haziwezi kuzama hata kidogo, kwa hiyo hubanwa usiku kucha, mishipa ya damu na ya fahamu ikibanwa pamoja nazo, na kiuno kinaning'inia bila kuegemea kitu. Mtu wa namna hii anahitaji godoro linalokubali kubonyea kiasi penye bega na nyonga huku likikijaza kiuno, pamoja na mto mnene wa kutosha kuziba nafasi iliyopo kati ya sikio na godoro, ili shingo isipinde. Mto mwingine mwembamba katikati ya magoti huzuia nyonga ya juu isiuvute mgongo. Mimi sasa silali bila huo mto wa magotini.

Anayelala chali ana nafuu, kwa kuwa uzito wake umeenea mgongo mzima. Humfaa godoro la ugumu wa wastani au linalozidi hapo kidogo, na mto usio mnene sana. Anayelala kifudifudi ndiye mwenye matatizo zaidi, kwa sababu tumbo lake huzama kwenye godoro laini, mgongo ukapinda kwa ndani, na shingo hukaa imegeuzwa upande mmoja kwa saa nyingi. Huyo anahitaji godoro gumu zaidi ya wenzake na mto mwembamba mno, au asiwe na mto kabisa, na akiweza ajizoeze taratibu kulala ubavu. Mtoto mchanga simhesabu hapa, maana yeye hana hiari: hulazwa chali, juu ya godoro gumu lililo bapa, bila mto.

Kuna pia suala la uzito wa mwili, ambalo muuzaji angeweza kulikisia kwa macho tu. Godoro ambalo mtu wa kilo 50 analiona gumu, mwenye kilo 100 hulizamia. Hivyo basi kumwambia mteja kwamba godoro fulani ni laini au ni gumu, bila kujua nani atalilalia, ni kumpa nusu ya maelezo. Wanandoa wenye miili na mikao tofauti wangepaswa kwenda dukani pamoja, badala ya mmoja kutumwa na kipimo cha kitanda kwenye karatasi.

Kuhusu imani kwamba godoro gumu ndilo dawa ya mgongo, ningependa wasomaji wajue kwamba mwaka 2003 jarida la kitabibu la The Lancet lilichapisha utafiti uliofanyika Hispania kwa watu wazima 313 wenye maumivu sugu ya kiuno. Baadhi walipewa magodoro magumu na wengine ya ugumu wa wastani, bila kuambiwa wamepewa lipi. Baada ya siku 90, waliolalia ya ugumu wa wastani walikuwa wamepata nafuu kubwa zaidi ya maumivu, wakiwa kitandani na hata wakati wa kuamka. Ningeyajua hayo mapema, nisingelipoteza fedha yangu.

Jambo jingine linalochanganya wanunuzi ni inchi. Inchi ni unene tu. Hazisemi chochote kuhusu ubora wa sponji iliyomo ndani. Kinachoamua kama sponji itadumu ni msongamano wake, yaani kilo ngapi zinapatikana katika mita moja ya ujazo, na hilo mtu anaweza kulipima mwenyewe kwa mizani ya kawaida. Godoro la futi tano kwa sita lenye unene wa inchi nane lina ujazo wa takriban mita za ujazo 0.57. Sponji ya kilo 25 kwa mita ya ujazo italifanya godoro hilo liwe na uzito wa karibu kilo 14, na sponji ya kilo 16 italifanya liwe na kilo tisa tu, ingawa yote mawili yatakuwa na sura moja na kitambaa kilekile cha maua. Hilo jepesi huweza kumfaa mtu siku ya kwanza, kisha likabonyea pale anapolala kila siku. Magodoro ya sufi ya bibi zetu yalipobonyea yalifumuliwa, sufi ikachambuliwa na kuanikwa juani, yakajaa tena. Sponji iliyobonyea haina marekebisho.

Chaga za kitanda nazo zitazamwe. Zikiachana zaidi ya inchi tatu hivi, sponji hudidimia katikati yake, na godoro zuri hulaumiwa bure.

Kwa wenye maduka, ombi langu ni dogo. Wekeni angalau godoro moja la kila aina likiwa wazi, juu ya kitanda, na mteja aruhusiwe kuvua viatu na kulala kwa dakika 10 kwa namna anayolala nyumbani. Akilala chali, apitishe kiganja chini ya kiuno: kikipita kwa urahisi na kubakiwa na nafasi, godoro hilo ni gumu mno kwake, kikishindwa kabisa kupita, ni laini mno. Akilala ubavu, aliyefuatana naye asimame nyuma yake aangalie kama uti wa mgongo umenyooka kuanzia shingoni hadi nyongani. Kipimo hiki hakimgharimu mwenye duka chochote zaidi ya shuka la kutandika juu.

Kwa wenye viwanda, naomba msongamano wa sponji na kiwango cha ugumu viandikwe kwa Kiswahili kwenye lebo iliyoshonwa kwenye godoro lenyewe, na Shirika la Viwango Tanzania lihakikishe kwamba kilichoandikwa ndicho kilichomo. Godoro langu gumu nimempa kijana wangu mdogo, ambaye hulala kifudifudi, naye halalamiki.

Mwalimu mstaafu,
Morogoro