Barua kwa mwanangu: Wakianza wimbo mpya, usinyanyuke

Mikindani, Mtwara
Alhamisi, 20 Juni 2024

Mwanangu mpenzi,

Asalaam aleikum. Ama baada ya salamu, sisi huku wazima. Idi imepita vizuri, mbuzi alikuwa mdogo na wageni wengi, lakini hakuna aliyeondoka na njaa. Kusi linavuma, alfajiri najifunga khanga mbili, na watu wameanza kuulizana habari za salfa ya mikorosho. Mzigo wako wa korosho umechelewa si kwa uzembe wangu. Mwezi wa tano mvua na kile kimbunga Hidaya viliikata barabara ya Dar kule Somanga, mabasi yakalala njiani. Sasa magari yanapita, na mzigo uko Kariakoo kwa dada yako, anatafuta msafiri wa kumpa.

Ile sauti uliyonitumia Jumapili nimeisikiliza mara tatu. Mara ya kwanza tulicheka wote, mimi na wewe. Bibi wa miaka 76, unayemwogesha na kumpa dawa zake, kakaa kwenye kiti cha magurudumu, fulana ya ulimi kifuani, analia kama kigori kwa sababu vijana wake wa bendi ya Rolling Stones wanakuja kupiga muziki Chicago! Na hao vijana wenyewe, mmoja anatimiza 81 mwezi ujao. Tena kanunua tiketi mbili, ya kwake na ya kwako wewe wa kumsukuma. Bei uliyonitajia niliipigia hesabu kwa magunia ya korosho, nikanyamaza. Mara ya pili sikucheka sana. Mara ya tatu nikatafuta kalamu.

Usidhani hao Rolling Stones nawasikia leo kwako. Marehemu baba yako alikuwa na kaseti yao, alipewa na baharia mmoja pale bandarini Mtwara, na mimi nikawaita "wale wa ulimi" kwa sababu ya nembo yao, ile picha ya midomo iliyotoa ulimi nje. Ulimi wenyewe umetembea kuliko wao. Hapa kijiweni kuna kijana wa bodaboda anao kifuani, fulana ya mitumba, imepauka hadi ule wekundu umekuwa kama fizi ya mtoto. Nikamuuliza, hicho ni nini? Akanijibu, "Mwalimu, si tangazo la dawa ya meno?"

Basi nikamwita mjukuu aniwekee hiyo albamu mpya kwenye simu na anisomee habari zake. Unanijua, chaki niliiacha, maswali sikuyaacha. Inaitwa Hackney Diamonds, ilitoka Oktoba 2023. Hackney ni sehemu ya London, na "almasi" zake, kwa lugha ya mitaani, ni vile vipande vya kioo vinavyobaki chini vibaka wakishavunja dirisha la gari. Jina hilo nimelipenda. Kabla yake, albamu ya mwisho ya nyimbo zao wenyewe ilikuwa ya 2005, mwaka uliomaliza darasa la saba. Hapo katikati walirekodi za watu, hizo sizihesabu. Wewe umesoma sekondari, umesoma chuo, umevuka bahari, na bibi yako huyo bado anasubiri. Miaka 18, mwanangu. Kuna ndoa hazifiki huko.

Nyimbo zenyewe ni 12. Sitakudanganya, nyingine ni kelele tupu, mtu anafoka kama anayedai kodi ya nyumba. Uko mmoja mrefu, mwimbaji wao anaimba na Lady Gaga, na Stevie Wonder kwenye kinanda, ule unapanda taratibu kama dua inayokolea. Huo niliurudia huku nachambua mchele, nikajikuta nimesahau mchele. Halafu mjukuu akanisomea kwamba mpiga ngoma wao, Charlie Watts, alifariki Agosti 2021, lakini kwenye nyimbo mbili za albamu hiyo yumo, zilirekodiwa kabla hajaondoka. Nikamwambia anitafutie hizo mbili. Nikazima feni ili nisikie vizuri. Anapiga kama mtu anayetwanga mpunga bila kukimbizwa na njaa. Wenzake wanarukaruka, yeye mchi wake unashuka palepale.

Nikaenda kabatini nikatoa kaseti za baba yako. Ile iliyoandikwa kwa mkono wake "Dansi Na. 4" bado inacheza, ukiizungusha kwanza kwa penseli. Katikati ya wimbo, pale alipokuwa akirekodi kutoka redioni, anasikika akisema, "Funga mlango, paka anaingia." Maneno hayo tu. Kwa hiyo hao wazee kumwacha rafiki yao apige ngoma ndani ya albamu mpya, mimi sihitaji kuelezwa.

Kuna jambo lingine lililonichekesha. Ziara hii inadhaminiwa na AARP, chama cha Wamarekani wa miaka 50 na kuendelea. Watu wengine wameona ni kejeli. Mimi nimeona ni kwetu kabisa! Bendi yetu ya NUTA Jazz si ilikuwa ya chama cha wafanyakazi? Iliundwa 1964, na kila chama kilipobadili jina, bendi nayo ikabadili: NUTA, JUWATA, OTTU, hadi ikabaki Msondo Ngoma. Mwaka 1978 mwimbaji Muhidin Gurumo na wenzake walipohamia Mlimani Park, ndiyo Sikinde hiyo, nchi iligawanyika. Baadaye nilipoanza kazi nilikuta hata ofisi ya walimu ina upande wa Msondo na upande wa Sikinde, na chai ya saa nne hainyweki kwa ubishi. Gurumo alikuja kurudi Msondo, akastaafu 2013, mwaka uliofuata akafariki. TX Moshi William, mwimbaji mwingine wa Msondo, alishatangulia 2006. Kila mmoja wao alipoondoka watu walisema basi, imekwisha.

Na mwaka huohuo wa 1964, mwezi kama huu wa Juni, hao wa ulimi walikuwa hapo hapo Chicago ulipo wewe. Walikuwa vijana wabichi kutoka Uingereza, wakaenda kurekodi kwenye studio za Chess, South Michigan Avenue namba 2120, kwa sababu ndiko alikokuwa akirekodi Muddy Waters, mwimbaji wa blues aliyetoka kwenye mashamba ya pamba ya Mississippi na gitaa lake. Jina la bendi walilichukua kwenye wimbo wake. Albamu hii mpya wameifunga kwa wimbo huohuo. Jengo bado lipo. Siku ukiwa na mapumziko nenda ukalitazame, unipigie picha ya mlango.

Sasa nikupe kisa ambacho hukuwahi kukisikia kwangu, kwa sababu mimi ndiye mwenye makosa.

Ilikuwa 1987, msimu wa korosho, nafundisha mwaka wangu wa pili. Bendi moja kubwa ya Dar ikatangazwa inakuja Mtwara. Enzi hizo daraja la Mkapa halijajengwa, lilikuja kufunguliwa 2003, kwa hiyo Rufiji ilivukwa kwa pantoni pale Ndundu, na kutoka Nyamwage hadi Somanga lori likikwama mnashuka mnasukuma. Walitarajiwa Ijumaa, wakaingia Jumapili jioni, vyombo vimefunikwa turubai, tope hadi kwenye kofia. Hawakulala. Walioga, wakafunga spika, wakapanda jukwaani. Mimi nilikuwa na gauni la kushonwa na kiatu cha kuazima.

Wakaanza na kibao kipya. Elewa jambo moja hapa: bendi nyingi siku hizo hazikuwa na albamu ya kuuza kama unavyoijua wewe. Wimbo ulipikwa kwenye mazoezi, ukaonjwa na wacheza dansi ukumbini, kisha bendi ikaenda kuurekodi Radio Tanzania, na ukishatoka redioni ni mali ya nchi nzima. Kuletewa wimbo ambao redio haijaupata ilikuwa heshima kubwa, hasa sisi wa Kusini ambao kila kitu kilitufikia kimechoka. Mpiga solo akaanza peke yake, mstari mlaini, kama mtu anayebisha hodi nyumba asiyoijua. Mwimbaji akaweka leso kwenye maikrofoni, akaimba ubeti wa kwanza. Wala haukwisha.

"Zile! Tupigie zile!" Mtu mmoja nyuma, kisha meza nzima, kisha ukumbi. Na mimi, mwalimu wa watoto, nilikuwa nagonga chupa ya Fanta kwa ufunguo wa nyumba, zi-le, zi-le, zi-le. Mwimbaji akamtazama mpiga solo, akajifuta uso kwa ile leso, akaukunja wimbo kama mkeka. Wakapiga zile. Midomo ya bata, yaani saksafoni, ikalia, tumba zikachanganya, tukacheza hadi kiatu cha watu kikakatika kisigino. Nilifurahi sana usiku ule, sitasema uongo.

Wakati wa kutoka, kijana mmoja wa bandarini aliyekuwa amesimama kando ya spika tangu mwanzo, mikono nyuma, hachezi, akatuambia mimi na shoga zangu, "Watu wamebeba kitu kutoka Dar, wamekivusha Rufiji, nyie mmewaambia wakirudi nacho." Tukamwona ana kiburi. Miezi miwili baadaye wimbo ule ukatoka redioni. Ulipigwa asubuhi, mchana, kwenye salamu, kwenye harusi. Na Mtwara nzima ikadai iliusikia ya kwanza! Tulisikia nini sisi? Ubeti mmoja na kugonga chupa. Aliyeushika ule mstari wa gitaa tangu siku ile alikuwa yule kijana peke yake, na aliupiga mluzi kila alipopita mbele ya shule yetu, makusudi kabisa, hadi nikatoka nje kumuuliza anataka nini. Mengine unayajua, maana ulizaliwa.

Ndiyo maana nimeandika. Umesema wenzako kazini wamekufundisha kwamba wakianza nyimbo mpya ndipo pa kwenda chooni na kununua soda, wakirudi kwenye za zamani na wewe urudi. Mwanangu, usinyanyuke. Hao wazee za zamani zinawatosha kujaza uwanja kila jioni bila kutunga hata neno moja. Wao wamekaa wakatunga. Huyo bibi yako analia si kwa sababu ya ujana wake tu, ingawa na huo umo. Ameletewa kitu ambacho bado hakijui, na yuko hai wa kukipokea. Mgeuze kiti aone vizuri. Akitaka kuimba kwa sauti mbaya, mwache. Watu wakianza kupita mbele yenu kwenda kwenye vinywaji, wazuie kwa magoti yako wasigonge kiti chake.

Uwanja umesema uko kando ya ziwa, basi mchukulie shali na wewe uvae soksi, hata kama ni kiangazi chenu. Dawa zake za saa mbili usiku zisisahaulike kwa sababu ya gitaa. Pamba ya masikioni muhimu, yako na yake. Na mwulize, kwa adabu, kama kuna siku aliwahi kuwapigia kelele "zile!" Ningependa kujua.

Mjukuu anasema simu yako inarekodi vizuri hata gizani. Usinirekodie zile zinazojulikana, hizo baba yako aliniachia. Nirekodie mmoja tu wa zile mpya, tangu mwanzo hadi mwisho. Ila tafadhali usiongee juu yake. Ile ya harusi ya binamu yako uliyonirekodia nilisikia kicheko chako dakika nne nzima, bendi sikuisikia.

Ni mimi mama yako.