Kwa mpwa wangu wa Mkomani, anayetaka kuwa mwanasheria wa meza za amani

Mpwa wangu,

Mamako ameniambia umeshakata shauri: sheria ya kimataifa hadi uprofesa, kisha kuwashauri wapatanishi. Haya. Masomo yana njia inayojulikana, sikuchoshi nayo: shahada tatu, halafu miaka ya kufundisha na kuandika. Tatizo ni kazi yenyewe, ile ya saa nane usiku, kila mtu anataka kulala na rasimu bado haijakwisha.

Mpatanishi ndiye msemaji. Mshauri hukaa ubavuni na kalamu. Utaandaa karatasi fupi, kurasa mbili tatu, yenye njia kadhaa za kugawana mapato au vyeo, na athari ya kila njia. Katika rasimu, maneno yasiyokubaliwa hutiwa mabano ya mraba. Kila toleo lipe namba, tarehe na saa. Pande mbili zikibishana huku kila mmoja ameshika toleo lake, siku imepotea bure.

Mfano uko hapo baharini kwenu. Tarehe 7 Aprili 2009 Kenya na Somalia zilitia saini hati fupi ya makubaliano, na ndani yake mlikuwa na sentensi kwamba itaanza kutumika ikishatiwa saini. Bunge la Somalia likaikataa mwaka huohuo. Mahakama ya Kimataifa ya Haki, The Hague, ikasema Februari 2017 kwamba saini ilitosha, huo ni mkataba unaofunga. Aya ya sita ya hati hiyo nayo ilisema mpaka wa baharini utakubaliwa na nchi hizo mbili baada ya tume ya Umoja wa Mataifa kutoa mapendekezo. Kenya ikang'ang'ania kuwa aya hiyo inaizuia mahakama kusikiliza kesi ya mpaka iliyofunguliwa na Somalia. Haikuzuia. Tarehe 12 Oktoba 2021 mstari ukachorwa, si ule Kenya iliokuwa ikiudai, na wavuvi wa Kiunga wanaujua kuliko maprofesa wengi. Aliyetaka kuifungia mahakama mlango alipaswa kuandika hivyo waziwazi.

Kwenye kusitisha vita, "mara moja" ni neno la kukimbiwa. Siku ya saini iite S, kisha hesabu: S+3 silaha zinyamaze, S+30 vikosi viwe kambini, na utaje nani atakwenda kuhakikisha. Pasipo mhakiki, kila upande utamlaumu mwenziwe.

Msamaha nao una mipaka. Katika mkataba wa amani wa Lomé, Togo, Julai 1999, waasi wa Sierra Leone walisamehewa yote. Mwakilishi wa Umoja wa Mataifa akatia saini na kusema wazi kuwa msamaha huo hautambuliwi kwa mauaji ya kimbari, uhalifu dhidi ya ubinadamu na uhalifu wa kivita.

Kiarabu cha chuoni kitakufaa kusoma, lakini mezani utahitaji zaidi, na Kifaransa pia. Mkataba wa Wuchale wa 1889 ulisema kwa Kiamhari kwamba Ethiopia inaweza kuitumia Italia kuzungumza na mataifa mengine. Kwa Kiitaliano, ni lazima. Ugomvi huo ukaishia kwenye vita vya Adwa, 1896. Basi andika ndani ya mkataba nakala ya lugha ipi itatawala, na wafasiri wape siku, si saa.

Mjomba wako