Kabla hamjagonga muhuri

London, 3 Agosti 2025

Shoga yangu Zuhura,

Sauti yako ya dakika saba nimeisikiliza mara mbili: kwanza kwenye basi nikitoka zamu ya usiku, halafu tena nimekaa bustanini na chai yangu. Kukujibu kwa sauti nimeshindwa, maana ningepandisha tu na wewe ungenicheka. Bora niandike. Mama anaendeleaje na mguu? Mwambie dawa zile asimpe jirani.

Haya. Umesema mfadhili amekuja na michoro ya rangi. Ataweka nyasi bandia kwenye uwanja wetu, taa, uzio na geti, na vijana wa mtaa watapewa "muda wao". Mwenyekiti kafurahi, vijana wamefurahi, AFCON ya 2027 inakuja nyumbani na kila mtu anaota mpira. Kwenye kamati nzima ni wewe peke yako uliyeuliza muda wao ni saa ngapi, wakakuona mchawi. Swali ni hilohilo, Zuhura. Usiliachie.

Nikuhadithie ya huku. Benchi nililokalia liko Wimbledon Park, karibu na nyumba ya wazee ninapofanya kazi. Ndiyo, Wimbledon ile ya tenisi, wao wako ng'ambo ya barabara. Eneo lote hili zamani lilikuwa la bwana mkubwa mmoja, Earl Spencer, na karne ya 18 alimpa Capability Brown alipange, fundi wa bustani aliyevuma kuliko wote Uingereza. Katikati kuna ziwa. Upande huu ni bustani ya umma, upande ule ulikuwa uwanja wa gofu, na katikati uzio. Mwaka wa tisa huu niko hapa, uzio ule sijauvuka hata siku moja.

Ardhi ya gofu ilikuwa ya halmashauri ya hapa, Merton. Mwaka 1993 ikawauzia klabu ya tenisi, All England Club, kwa pauni milioni 5.2, na klabu ikafungwa na sharti la kutojenga kitakachoharibu uwazi wa pale. Wacheza gofu wakabaki wapangaji, mkataba wao hadi 2041. Klabu ikaona 2041 ni mbali. Mwaka 2018 ikawalipa wanachama wa gofu waondoke mapema: pauni milioni 65, kila mmoja karibu 85,000. Yaani kumwondoa mpangaji kumegharimu zaidi ya mara kumi na mbili ya bei ya ardhi yenyewe. Kuna mzee mmoja ninayemuogesha, naye alicheza gofu maisha yake yote, lakini klabu nyingine. Nilipomsomea habari ile alinyamaza kidogo, akasema, "Nilikosea geti."

Sasa klabu inataka kujenga viwanja vya nyasi 38 pamoja na uwanja mkubwa wa watazamaji 8,000, ili mechi za mchujo zichezwe hapahapa badala ya Roehampton, mtaa mwingine wa London. Mashindano makubwa mengine matatu ya tenisi hufanya mchujo nyumbani kwao, na hilo linawakera. Kwa upande wa wananchi wanaahidi bustani mpya ng'ambo ya uzio, njia ya kuzunguka ziwa, na ziwa lenyewe kusafishwa. Merton ikakubali mwaka 2023. Wandsworth, majirani ambao kipande cha eneo kimeingia kwao, wakakataa. Shauri likapanda kwa meya wa London, lakini Sadiq Khan alishasema hadharani kwamba anauunga mkono mradi, akajitoa, na Septemba 2024 naibu wake akaupitisha. Wakazi wakaenda Mahakama Kuu, mwezi uliopita wakashindwa.

Imebaki kesi nyingine, itakayosikilizwa Januari 2026, na hiyo ndiyo iliyonifanya nishike kalamu. Sheria ya huku inasema ardhi ambayo halmashauri inaishika kwa ajili ya watu kupumzika na kucheza ni amana. Ikitaka kuiuza lazima itangaze wiki mbili mfululizo kwenye gazeti la eneo hilo. Isipotangaza, haki ya wananchi inahama pamoja na ardhi hadi kwa mnunuzi. Mwaka 2023 mahakama ya juu kabisa ilifuta kibali cha ujenzi wa nyumba kule Shrewsbury kwa sababu hiyo: ardhi ilikuwa ya umma, tangazo halikutolewa. Basi wakazi wa hapa wanadai na 1993 hapakuwa na tangazo. Klabu inajibu kwamba uwanja wa gofu haukuwa wa umma, wapita njia hawakuruhusiwa, sasa amana gani? Kusema kweli hapo wananibana. Uzio naujua.

Halmashauri siwezi kuiita mwizi. Wazee wengi huku hulipiwa matunzo yao na halmashauri, sheria inailazimisha. Kutunza bustani hakuna sheria inayoilazimisha. Kwa hiyo bajeti ikibana, nyasi hukatwa mwisho na fungu lake hukatwa kwanza. Mshahara wangu na benchi langu vinagombea mfuko mmoja, na mimi ndiye ninayeshinda kila mwaka. Ukiwa na mfuko kama huo, halafu tajiri aje aseme ziwa nitalisafisha mimi, utamjibu nini?

Hata hii bustani ya umma, wakati wa mashindano hulazwa watu wanaopanga foleni ya tiketi, mahema safu kwa safu. Wameondoka, nyasi zimebaki na miraba ya njano. Leo kulikuwa na kitoto cha kike kinaruka kwa mguu mmoja kutoka mraba hadi mraba, nyanya yake anahesabu. Nikakukumbuka na rede yetu, tulivyosukumwa pembeni na wavulana mpaka chini ya mwembe, na bado tukacheza hadi magharibi. Hao wasichana wa sasa, kwenye "muda wao" wamo?

Nenda ofisi ya ardhi ukaangalie ramani ya mipango miji. Pale petu pameandikwa eneo la wazi au pameandikwa kitu kingine? Toa kopi. Muhtasari wa kikao uuone kwa macho yako, na orodha ya waliosaini. Kwenye mkataba masaa yaandikwe kwa tarakimu, na iandikwe ni miaka mingapi, kiingilio ni shilingi ngapi, na ufunguo wa geti anakaa nao nani. Nyasi bandia nazo huchakaa, baada ya miaka minane au kumi zinang'olewa. Hapo mfadhili atakuwa wapi, na mtaa utazinunua kwa hela gani? Halafu tangazo libandikwe ofisi ya mtaa na msikitini na sokoni, ulipige picha tarehe ionekane. Watu wa huku, miaka zaidi ya thelathini imepita, wanabishania tangazo la 1993.

Nimekutumia elfu ishirini ya nauli na kopi. Usile vitumbua vyote.

Na ile picha ya mchoro uliyonitumia nimeivuta, nimeigeuza, nimeitazama mpaka macho yameuma. Geti naliona, taa naziona, hata mahali pa kuegesha magari. Mwembe siuoni. Muulize.

Wako,
Mwanahawa