Soksi za kubana zipimwe, zisiuzwe "frii saizi"

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye safu yako ya barua. Mimi ni fundi cherehani hapa Ngamiani, Tanga, mwaka wa 31 huu niko nyuma ya mashine. Shingo yangu ikikosa futikamba najiona kama nimetoka nje bila kanga.

Kilichonifanya nishike kalamu ni kijana niliyemkuta stendi ya Kange wiki iliyopita. Alikuwa amening'iniza soksi ndefu nyeusi mkononi, anazunguka kwenye madirisha ya mabasi: "Soksi za kubana, za safari, miguu haivimbi, frii saizi, buku tano!" Nikamuuliza zinabana kiasi gani. Akaiingiza mikono miwili ndani ya moja, akaivuta mpaka mdomo ukawa mpana kama wa ndoo. "Si unaona, mama? Inamkaa yeyote." Dada mmoja aliyejaza mwili na binti yake mwembamba kama mti wa mwavuli wakanunua jozi mbili, zote sawasawa.

Ningecheka, ila mguu wangu wa kushoto haunipi ruhusa.

Miaka mitatu iliyopita nilifanyiwa upasuaji wa uvimbe kwenye kizazi. Wiki ya tatu, kidonda kimeshafunga, binti yangu aliyeolewa Mwanza akajifungua mtoto wa kwanza. Nani angenizuia? Nikapanda basi alfajiri, kiti cha dirishani, miguuni kiroba cha machungwa ya Muheza na nazi kumi na mbili. Njia ni ya Segera, Moshi, Arusha, Singida, Shinyanga, zaidi ya kilomita 1,000. Maji sikunywa, kwa makusudi kabisa, maana nilikuwa naona haya kumwomba kondakta asimamishe basi nikachimbe dawa, halafu nianze kuruka magoti ya watu na mizigo yao. Nilishuka mara moja tu, Singida. Muda wote uliobaki miguu ilikuwa imebanwa na nazi, haina pa kwenda.

Siku ya nne nikiwa Mwanza shavu la mguu wa kushoto likaanza kuuma, kama msuli uliokaza. Likavimba, likawa la moto, na wa kulia uko vilevile. Mama mkwe wa binti yangu, mtu mwema sana, akapasha mafuta na vitunguu saumu akanichua usiku wa kwanza, akanichua na wa pili. Nilimshukuru. Kwao ni mlimani, kwenye mawe kama ilivyo nusu ya mji ule, na siku ya tatu nikipanda ngazi za nyumba pumzi ikakata, kifua kikachoma upande mmoja. Hospitalini daktari aliushika mguu, akanitazama: "Mama, huu mguu nani anauchua?" Nikamwambia. Akasema usiguswe tena. Mguu uliovimba upande mmoja, wenye joto na maumivu, ukiuchua unaweza kuling'oa bonge la damu lililoganda kwenye mshipa wa ndani likasafiri hadi kwenye mapafu. La kwangu lilikuwa limeshamega kipande, na kipande kimeshafika.

Nilichomwa sindano za tumboni, kisha vidonge vya kuzuia damu isigande, miezi sita. Sitaurefusha huo mkasa. Nilipona.

Siku ya kuruhusiwa niliambiwa kila safari ndefu nivae soksi za kubana zinazoishia chini ya goti. Nilirudi Tanga, nikaingia duka la dawa, nikauziwa jozi kwa bei ambayo mteja wangu angepata gauni la kitenge na mshono wake. Muuzaji hakuniuliza hata navaa kiatu namba ngapi. Nyumbani nikaona ndefu, inapita goti. Nikafanya nini? Nikaikunja juu, kama mtoto wa shule anavyokunja soksi. Mimi, fundi! Jioni nilipoivua kulikuwa na pete nyekundu chini ya goti, imezama ndani ya nyama, na chini yake mguu umejaa. Kumbe ukiikunja, mpira unakuwa mara mbili mahali pamoja, na pale unakuwa umeufunga mguu kamba.

Nilikaa nayo mezani nikaifanya kama ninavyofanya nguo yoyote ngeni: nikaigeuza ndani nje, nikaivuta huku na huku, nikaisoma. Soksi ya kweli ya kubana ina mshono wa akili. Inakaza zaidi kwenye kifundo cha mguu, halafu inalegea kidogokidogo kadiri inavyopanda. Kwa hiyo damu iliyotaka kutuama chini inasukumwa juu, na mshipa uliotanuka unabanwa hadi vilango vyake vidogo vya kuzuia damu isirudi vinakutana vizuri. Ukitembea, shavu la mguu linafanya kazi hiyo lenyewe kila linapokaza. Ukikaa kama nilivyokaa mimi juu ya nazi, hakuna anayeifanya. (Wenzangu wenye cherehani za umeme, nisikilizeni: ile ya kukanyaga tuliyokuwa tunailaani ilikuwa inatupigia pampu kutwa nzima.) Sasa ile ya stendi niliivuta juu na chini: juu kuna mpira mkali, kwenye kifundo imelegea. Hiyo ni kinyume kabisa.

Kijana wa dada yangu ni muuguzi, yeye ndiye alinisomea yanayosemwa na wataalamu. Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2007 kwamba kukaa bila kusogea saa nne au zaidi, iwe ndege, gari, basi au treni, kunaongeza hatari ya damu kuganda karibu mara mbili. Kwa mtu mwenye afya hatari yenyewe bado ni ndogo, kama mtu mmoja kati ya 6,000. Lakini aliyetoka kupasuliwa, mjamzito, aliyejifungua karibuni, mwenye saratani, au aliyewahi kupata bonge kama mimi, hayumo kwenye hesabu hiyo ya wenye afya. Na kuhusu soksi, majaribio ya wasafiri wa ndege zaidi ya 2,600 yalijumlishwa pamoja: waliokutwa na mabonge yasiyo na dalili walikuwa 50, kati yao 47 hawakuvaa soksi, 3 walivaa. Ndege si basi letu, najua. Ila mguu ni uleule.

Akaniambia na la upande wa pili, maana hapendi nishabikie. Utafiti wa mwaka 2009 uliohusu wagonjwa wa kiharusi zaidi ya 2,500 waliolazwa uliona soksi ndefu za hadi mapajani hazikuwasaidia kuzuia mabonge, na ziliwachubua ngozi. Na mwenye kisukari ambaye nyayo zimekufa ganzi, au ambaye damu haifiki vizuri kwenye vidole, soksi hizi zinaweza kumtia kidonda asikisikie. Hao waanzie kwa daktari, wasianzie stendi.

Ombi langu kwa wenye maduka ya dawa ni dogo. Nunueni futikamba. Haizidi bei ya soda mbili. Pimeni mzunguko wa kifundo pale palipo pembamba, mzunguko wa shavu pale palipo panene, na urefu kutoka kisigino hadi kwenye mkunjo wa goti, miguu yote miwili maana hailingani. Paketi ya maana ina jedwali la sentimita na namba ya mgandamizo, mfano 15 hadi 20, kwa milimita za zebaki kama ile ya presha. Paketi isiyo na jedwali, mimi nisingeilipia hata mia.

Kwa mnaowatunza wajawazito na wazazi wapya: aliyejifungua, ambaye pwani yetu tunamweka ndani arobaini nzima, mkandeni tumbo mkitaka, lakini mwacheni atembee uani, na yeyote kati yao mguu mmoja ukivimba asichuliwe, apelekwe hospitali siku ileile.

Tangu niseme haya msikitini kwa akina mama, wameshakuja tisa kibarazani kwangu kupimwa kabla ya kwenda dukani. Naandika vipimo kwenye karatasi, sitozi kitu. Ila waje kabla ya saa mbili asubuhi, miguu haijajaa. Yule aliyekuja juzi saa kumi jioni nimemrudisha, na namwomba radhi kupitia gazeti lako.

Fundi cherehani,
Ngamiani, Tanga