Barua ya wazi kwa shemeji anayetaka kuvua trauti Nyeri kabla ya saa sita

Shemeji, salaam.

Umesema shughuli ya ukweni ni saa saba mchana Jumamosi, mwishoni mwa Februari, na kabla ya hapo ungependa kuvua trauti, samaki wa maji baridi ya mlimani, katika mto ambao hujawahi kuuona. Inawezekana. Ila ukitoa muda wa barabarani, kuvaa na kuvua buti, na kuoga ili ufike kwa wakwe ukiwa mtu wa heshima, zinabaki saa tatu za uvuvi wenyewe. Mwenye siku nzima anaweza kuzunguka hadi aujue mto. Wewe itabidi uchague ungali Mombasa, halafu ukifika darajani uwe tayari kuukataa mto uleule uliouchagua. Naandika hadharani kwa sababu wageni wengi huuliza swali hilihili.

Ukitoka Kiganjo, jirani na mji wa Nyeri, kuelekea Naro Moru, Mlima Kenya unakuwa mkono wako wa kulia, na mito yote unayoihitaji inateremka kutoka huko: Sagana, Thego, Nairobi (si ule wa jijini, huu ni wa maji ya mlima), kisha Naro Moru na Burguret. Ile mitatu ya kwanza huishia katika Tana, ambao unamwaga maji baharini kule Kipini. Naro Moru na Burguret hugeukia kaskazini na kuingia Ewaso Ng'iro. Mvua ya mlimani mara nyingi hupiga bonde moja na kuliruka la jirani, kwa hiyo mto wako wa kwanza uwe wa upande mmoja na wa akiba uwe wa upande wa pili, yote miwili ikifikika kwa barabara moja. Mimi ningekwambia Thego kwanza, Naro Moru akiba. Angalia lakini: Februari ni kiangazi na mashamba yanavuta maji mengi, hivyo Naro Moru ya karibu na mji inaweza kuwa imebaki kijito. Ukilazimika kwenda huko, panda hadi karibu na msitu, juu ya mifereji ya umwagiliaji.

Utasikia watu wakiusifu Gura, upande wa Aberdare. Trauti wa kwanza nchini waliwekwa huko mwaka 1905, walioletwa na Ewart Grogan kutoka Uskochi, na sifa za mto huo si za uongo. Lakini una kasi, kingo zake ni mwinuko mtupu, na nyati wanaishi vichakani. Uache kwa safari nyingine.

Fungua picha za setilaiti Jumatano na utafute vitu vitatu tu: mahali barabara inapokatiza mto, kipande chenye miti upande mmoja na uwazi upande wa pili, na kona. Kipande cha mita 600 kinatosha asubuhi nzima. Weka alama mahali pa kuacha gari na mahali pa kutokea juu, ili usirudi kwa kupita tena ndani ya mto.

Leseni ichukue Ijumaa kwa maafisa wa uvuvi; Jumamosi alfajiri hutakuta mtu. Kiganjo kuna kituo cha serikali cha kuzalisha trauti tangu 1948, na watu wa huko wanajua mto upi una samaki wiki hiyo kuliko mtu yeyote wa mtandaoni. Waulize idadi unayoruhusiwa kubeba na urefu wa chini wa samaki. Waulize pia nani mwenye kingo, kwa sababu vipande vingine viko chini ya klabu au vinapita kwenye mashamba ya watu. Ukiingia hifadhini, malipo ya KWS (shirika la wanyamapori) hufanywa kupitia eCitizen, tovuti ya serikali, si pesa mkononi. Yamalize usiku ungali na mtandao. Na msituni usiingie bila askari wa wanyamapori. Ndovu hawaoni aibu kunywa maji mahali ulipopanga kusimama.

Sasa saa. Najua wewe wa baharini utataka kuwa majini kabla ya jua. Huku usijisumbue. Jua huchomoza kama saa 12:40 mwezi huo, na mlima uko mashariki, hivyo mabonde ya upande huu hukaa kivulini muda zaidi. Usiku wa kiangazi ni baridi kali, maji ya alfajiri yanaweza kuwa chini ya nyuzi 10, na trauti katika baridi hiyo hulala chini bila hamu. Hupenda nyuzi 10 hadi 16. Jua likigusa maji, kama saa mbili hadi saa mbili na nusu, wadudu huanza kutoka na samaki huamka. Giza la alfajiri pia ndiyo saa ya nyati kurudi vichakani. Toka Nyeri saa moja, uwe darajani saa mbili kasorobo, na ukunje saa tano kamili. Mchana mawingu hukusanyika mlimani, hata kiangazi.

Darajani usifungue begi kwanza. Angalia mawe ya ukingoni. Jiwe likiwa na mkanda wa unyevu juu ya maji, mto unashuka, na hiyo ni habari njema. Ukiona majani ya ukingo yamezama na vijiti na povu vinaelea katikati, mto unapanda. Uache, hata kama bado unaonekana mzuri. Kisha ingia hadi magotini. Ukiona vidole vya miguu, vua. Ukiona vifundo tu, vua kwa nzi bandia mkubwa mweusi pembeni mwa mkondo. Usipoona hata vifundo, washa gari uende mto wa akiba. Dakika kumi za uamuzi, basi. Kinachowapotezea wageni asubuhi nzima ni kung'ang'ania maji ya chai kwa sababu wameshavaa buti.

Kuhusu vifaa, chambo chako cha kamba, pweza na ngisi kibaki Mombasa. Kwenye mito ya trauti huvui kwa chambo, unavua kwa nzi bandia: ndoano ndogo iliyofungwa nyuzi na manyoya ifanane na mdudu. Fimbo iwe ya mita 2.1 hadi 2.4, kwa sababu matawi ni mengi, na mshipi, yaani uzi mnene wa kurushia, uwe unaoelea wa uzito namba 4. Mbele ya mshipi funga uzi unaopungua unene, urefu usiozidi fimbo, na mwishoni uzi wa milimita 0.16. Kwa jicho lako utauona kama utando wa buibui, lakini maji ya Februari ni ya kioo na uzi mnene hukimbiza samaki. Lowesha kila fundo kwa mate kabla ya kulikaza. Uzi huu ukikazwa mkavu hujichoma na hukatika kwa samaki wa kwanza. Mbali na yule mkubwa mweusi, nzi kumi wanatosha: sita wa kuzama, wenye shanga nzito kichwani, namba 14 na 16, na wanne wa kuelea, namba 14. Kumbuka namba ikipanda ndoano inakuwa ndogo. Bana kijino cha ndoano kwa koleo mapema, ili samaki achomoke bila kuumia, na sikio lako pia, maana upepo wa bondeni haumjui mgeni.

Hapa ndipo mvuvi wa bahari hukosea, kwa hiyo nitakaa kidogo. Trauti hukaa ameelekeza kichwa kule maji yanakotoka, akingoja mkondo umletee chakula. Ndiyo maana unapanda mto ukitokea nyuma yake, unainama, na unatupa nzi juu yako ili ashuke kukujia. Nzi lazima ashuke kwa mwendo uleule wa maji. Tazama povu lililo karibu naye: likimwacha nyuma au yeye akiliacha, samaki hamgusi. Chanzo ni mshipi wako. Maji ya katikati yana kasi kuliko ya pembeni, hivyo ukiulaza mshipi juu ya mkondo wa kasi unaburuta nzi na kuchora mstari juu ya maji. Dawa si kutupa mbali. Sogea hadi mita tano au sita, inua fimbo juu, mshipi wote uwe hewani na uzi mwembamba tu uguse maji, kisha fuatisha ncha ya fimbo na mwendo wa nzi. Uzi ukisita au ukienda pembeni hata kwa inchi moja, inua mkono. Inua, shemeji, usivute. Ule mkono wa kumchomoa samaki changu miambani utakata uzi huu papo hapo.

Samaki wenyewe wako wapi? Mbele na nyuma ya kila jiwe kubwa kuliko ndoo, kwenye mshono wa maji ya kasi na maji tulivu, chini ya kingo zilizochimbika, na kwenye mkia wa dimbwi mahali maji yanapoanza kuwa membamba. Wengi hutembea moja kwa moja hadi kichwa cha dimbwi na kuwafukuza waliokuwa mkiani. Anza mkiani. Tupa mara kumi hadi kumi na tano, badilisha nzi mara moja, kisha songa mbele. Dimbwi moja zuri linaweza kukumeza saa nzima, na saa hiyo huna.

Nyuma yako kutakuwa na miti, kwa hiyo usirushe mshipi nyuma ya bega. Inua fimbo polepole hadi mshipi utengeneze tumbo kando ya sikio, halafu isukume mbele kwa mkato. Mshipi utajiviringisha juu ya maji. Jifunze ufukweni jioni, dakika ishirini kwa siku tatu. Nzi akinasa mtini, usipige piga kwa fimbo: ielekeze ncha kwenye tawi, shika mshipi kwa mkono, vuta sawasawa. Uzi ukatike, si fimbo.

Mawe ya huku yana utelezi kuliko ya pwani wakati maji yamekupwa. Usipite magoti, shika mti wa kutembelea, na vua ukiwa upande ule lilipo gari, kwani mvua ikinyesha mlimani mto hupanda kabla wingu halijakufikia. Vaa suruali ndefu kwa ajili ya thabai, majani yanayowasha, na uiingize ndani ya soksi kwa ajili ya siafu.

Ukimshika wa kuachilia, lowesha mikono kwanza, mchomoe ndoano akiwa majini, mshikilie akielekea mkondoni hadi ajitoe mwenyewe. Wa kubeba, muue mara moja, mpasue hapohapo, toa matamvua na ukwangue kwa kidole gumba ule mstari mweusi wa damu kwenye uti wa mgongo. Ndio unaoharibika wa kwanza. Mfunge kwa majani mabichi, si mfuko wa plastiki, na gari usilifunge vioo. Magamba yake ni madogo mno, hayahitaji kuparwa. Lakini usiwapelekee wazee wa ukweni kama zawadi kabla hujauliza. Wengi wa umri ule wa Nyeri hawakulelewa na samaki mezani, na siku hiyo hutaki mtu akunje uso.

Fimbo na nzi vitakuwa tayari huku. Buti za mpira zinazofika mapajani zinaazimwa, lakini saizi kubwa ni chache, kwa hiyo nitumie saizi ya kiatu chako kabla ya Jumatano, pamoja na aina ya gari utakalokuja nalo, maana barabara ya kuingia mtoni ni ya udongo na gari la chini halifiki.