Damu ya mzazi ipimwe, isikadiriwe kwa macho

Mhariri,

Nimefanya kazi ya ukunga miaka 31, mingi katika vituo vya mwambao wa Ziwa Tanganyika. Sasa nimestaafu, niko Ujiji. Nina jambo moja, nalo ni la leba.

Usiku mmoja wa masika mwaka 1998 nilimzalisha mama mtoto wake wa nne. Mtoto alilia vizuri, kondo likatoka zima. Damu ilikuwa kwenye kanga tulizomtandikia. Niliziangalia kwa mwanga wa chemli, nikaandika kwenye kadi: mililita 300. Mama alikuwa anaongea, ameomba uji. Baada ya muda akaanza kupiga miayo, mmoja juu ya mwingine, mikono ikapoa. Tukiwa bado tunahangaika kupata boti ya kumpeleka mjini, akakata roho.

Asubuhi nilizifua kanga zile mwenyewe. Nilibadilisha maji ya beseni mara tano na bado yalikuwa mekundu. Haikuwa mililita 300.

Ndivyo tulivyofundishwa, kukadiria kwa macho. Lakini damu huzama kwenye kitambaa, huchanganyika na maji ya uzazi, nyingine huchuruzika hadi chini ya kitanda usiione.

Ndiyo maana utafiti wa E-MOTIVE, uliotolewa Mei 2023, ulinigusa sana. Ulifanyika katika hospitali 80 za Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na hapa kwetu Tanzania, kwa wanawake zaidi ya 210,000 waliojifungua kwa njia ya kawaida. Kuna watu wakisikia utafiti hudhani wagonjwa wanachezewa. Hapa zilizopigiwa kura ni hospitali: nyingine ziendelee na utaratibu wa siku zote, nyingine zitumie mpya. Katika utaratibu mpya mama hutandikiwa karatasi ya plastiki yenye mfuko wa kukinga damu, umechorwa mistari ya vipimo. Damu ikifika nusu lita hakuna kusubiri tena: tumbo la uzazi linasuguliwa, oksitosini (dawa ya kulikaza tumbo hilo), dawa ya kugandisha damu na dripu vinaingia, mama anakaguliwa panapovuja. Vyote kwa pamoja. Sisi tulikuwa tunajaribu kimoja, tunangoja, ndipo tunashika kingine.

Kwa utaratibu wa zamani, karibu nusu ya akina mama waliovuja damu nyingi hawakutambuliwa. Kwa mfuko, walitambuliwa 93 katika kila 100. Waliopoteza lita nzima au zaidi, waliopasuliwa tumbo kwa sababu ya damu, au waliofariki kwa kuvuja, walikuwa asilimia 1.6 ya waliojifungua kwenye hospitali zenye mfuko, na asilimia 4.3 kwenye zile za utaratibu wa zamani.

Najua ule ulikuwa utafiti wa hospitali, si zahanati. Lakini damu haingoji boti, na kwa mama wa huku mwambaoni, kama Kalya au Buhingu, hospitali iko mbali. Naziomba halmashauri za mkoa wetu, zinapoagiza vifaa vya uzazi, mifuko hii iwemo na ifike hadi zahanati za mwambao. Na wasiishushe bandarini tu wakaondoka. Kila mkunga afundishwe kwa vitendo, hasa anayekuwa zamu ya usiku peke yake, na dawa ziwe ndani ya leba, zisifungiwe stoo ambayo mwenye ufunguo amelala kwake.

Mafunzo hayo yakifanyika, nikiitwa nitakwenda, hata kwa nauli yangu.

Mkunga mstaafu,
Ujiji, Kigoma